Gurudumu moja la umeme: voti zinazombeba mtu na kobalti ya Kambove

Gurudumu moja la umeme ni chombo cha mtu mmoja: tairi moja, kwa kawaida la inchi 14 hadi 18, lililofunikwa kwa ganda la plastiki, na vikanyagio viwili vya kukunja pembeni. Halina kiti, halina usukani, halina breki ya mkono. Mwendeshaji husimama akitazama mbele huku tairi likiwa katikati ya miguu yake, na kuongeza mwendo, kupunguza na kusimama vyote hufanywa kwa kuegemeza mwili. Chombo cha aina hii kilichofungua soko kilikuwa Solowheel, kilichobuniwa na Shane Chen katika jimbo la Washington, Marekani, na kuanza kuuzwa mwaka 2011. Miaka 10 kabla yake, Segway ya Dean Kamen ilikuwa imeonyesha kwamba mashine inaweza kumweka mtu wima juu ya magurudumu mawili yaliyokaa sambamba. Utengenezaji wa Segway hiyo ulikoma mwaka 2020. Leo watengenezaji wakubwa wa magurudumu haya wako kusini mwa China, Shenzhen na miji ya jirani. Sehemu ya madini yaliyomo ndani yake hutoka kwenye ukanda wa shaba wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kambove ni mmoja wa miji mikongwe ya uchimbaji.

Mtu aliyesimama juu ya gurudumu moja yuko katika hali ya ufagio uliosimamishwa kiganjani. Ufagio ukiinama mbele, kiganja hukimbilia mbele ili kirudi chini yake. Ndani ya ganda mna vipimo viwili vidogo kuliko punje ya mahindi, kimoja cha kasi ya mwinamo na kingine cha mchapuko, vinavyosomwa mara mamia kwa sekunde. Kompyuta ndogo hulinganisha masomo hayo na hali ya kuwa wima, kisha huziamuru transista zipeleke umeme kwenye mota iliyofungwa ndani ya tairi lenyewe. Mwendeshaji akiegemea mbele, mota husukuma tairi lifike chini ya uzito wake; akiendelea kuegemea, tairi huendelea kukimbia. Mwendo wote, kwa hiyo, ni anguko linaloahirishwa.

Mashine husawazisha mbele na nyuma tu. Kushoto na kulia ni kazi ya mwendeshaji, naye huifanya kama kwenye baiskeli, kwa kugeukia upande anaoangukia. Ndiyo maana wanaojifunza huanguka ubavuni zaidi kuliko kifudifudi, na ndiyo maana chombo hiki hakiwezi kusimama chenyewe kikiwa hakiendi.

Kufunga breki ni kuegemea nyuma. Mota hugeuka kuwa jenereta na umeme wake hurudi kwenye betri. Jambo hili huokoa nishati kidogo, lakini lina mtego wake: anayeteremka mlima mrefu mara tu baada ya kuijaza betri hana mahali pa kuupeleka umeme huo. Voti hupanda kupita kiasi, na mashine huanza kuinua vikanyagio upande wa mbele ili kumlazimisha apunguze mwendo. Mwenye kujua mteremko uko mlangoni kwake huacha kuchaji kabla betri haijajaa.

Betri ndicho kiungo cha kuchunguzwa zaidi. Katika pikipiki ya umeme, betri ni tangi la mafuta: ikichoka, chombo kinapunguza mwendo na kusimama kando ya njia. Katika gurudumu moja, betri ndiyo inayomshika mtu asianguke. Mota yoyote inayozunguka huzalisha voti za kupingana na zile zinazoilisha, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo voti hizo pinzani zinavyokua. Nguvu inayobaki ya kumnyanyua mwendeshaji hutokana na tofauti kati ya voti za betri na voti pinzani. Chukua betri ya voti 84 ikiwa imejaa, na mota ambayo kwa voti hizo tairi lake likiinuliwa hewani huzunguka hadi kilomita 50 kwa saa. Betri hiyo ikishuka hadi voti 64, kikomo kile hushuka hadi kilomita 38. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa alikuwa na akiba ya kilomita 20 alipoondoka nyumbani. Sasa anayo 8, na shimo moja barabarani linaweza kuimaliza. Mashine haitamtupa kwa sababu imeharibika. Itamtupa kwa sababu imeombwa nguvu ambayo voti zake hazina.

Kutokana na hilo, betri inatakiwa iwe na seli nyingi, iwe nyepesi, na itoshee katika nafasi finyu iliyo pande mbili za tairi. Betri ya voti 84 hupatikana kwa kuunga seli 20 kwa mfuatano, kila moja ikiwa na voti 4.2 inapojaa. Gurudumu dogo la mjini lenye wati-saa 480 huwa na mistari miwili ya namna hiyo, yaani seli 40, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65 na uzito usiofika gramu 50. Seli zote pamoja hazifiki kilo 2. Betri ya risasi na asidi, ile ya gari, yenye nishati sawa ingekuwa na kilo zaidi ya 12, na chombo kisingebebeka tena mkononi.

Seli nyepesi za namna hii ndizo zinazohitaji kobalti. Seli ya kwanza ya ioni za lithiamu kuuzwa, ile ya Sony ya mwaka 1991, ilitumia oksidi ya lithiamu na kobalti, ugunduzi wa kundi la John Goodenough kule Oxford mwaka 1980. Baadaye sehemu kubwa ya kobalti ilibadilishwa kwa nikeli na manganisi, lakini haikuondolewa yote, kwa kuwa huziweka atomi za nikeli katika tabaka zake zisihamie kwenye nafasi za lithiamu. Katika mchanganyiko wa nikeli 6, manganisi 2 na kobalti 2, kila kilowati-saa inahitaji karibu gramu 190 za kobalti. Katika mchanganyiko wa 8, 1 na 1, chini ya gramu 90. Gurudumu la wati-saa 480 hubeba basi kati ya gramu 40 na 90 za kobalti.

Mwaka 2024 takriban robo tatu ya kobalti iliyochimbwa duniani ilitoka Kongo, karibu yote katika mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba. Kambove, kama kilomita 25 kaskazini-magharibi mwa Likasi, ilifikiwa na reli kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, mwaka 1913, wakati kampuni ya Union Minière ilipokuwa ikitafuta shaba. Kobalti ilikuwa ikifuatana na shaba hiyo katika mwamba ule ule: malakiti ya kijani kwa shaba, na eterojeniti, jiwe jeusi kama masizi, kwa kobalti. Mashimo ya Union Minière yalirithiwa na Gécamines baada ya serikali kuitaifisha kampuni hiyo mwaka 1967, na leo makampuni na wachimbaji wadogo huchimba katika ukanda huo huo.

Kuitoa kobalti katika eterojeniti kuna hila yake. Jiwe husagwa na kutiwa kwenye asidi ya salfuriki, lakini kobalti iliyomo iko katika hali isiyokubali kuyeyuka kwa asidi peke yake. Huongezwa gesi ya dioksidi ya salfa, au chumvi yake, ili kuibadilisha hali hiyo. Shaba hutolewa kwanza, kwa kiyeyushi na kisha kwa umeme, ikashikamana kwenye bamba. Maji yanayobaki huondolewa chuma, alumini na manganisi, halafu hutiwa magnesia, na kobalti hutuama chini kama tope. Tope hilo likikaushwa huwa na kobalti kama asilimia 30. Hupakiwa kwenye magunia makubwa, hupita mpaka wa Kasumbalesa kwa malori hadi bandari za Durban au Dar es Salaam, na sehemu kubwa huishia China, ambako husafishwa na kuwa salfati, kisha unga wa katodi, kisha seli. Thamani huongezeka kila hatua, na hatua ya Kambove ndiyo ya chini kabisa. Gurudumu lililokamilika likirudi Katanga, hurudi kama bidhaa ya kuagizwa.

Je, likirudi, litafaa? Kwenye lami tambarare gurudumu la ukubwa huo hutumia wati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita. Udongo laini na mchanga huongeza. Kila mita 100 za kupanda, kwa mtu na chombo vyenye kilo 100 pamoja, hudai wati-saa 27 juu ya hizo, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye mota. Kwa wati-saa 20 kwa kilomita, Kambove hadi Likasi ni wati-saa 500. Betri ya 480 haifiki. Na kwa kuwa sehemu moja ya tano ya mwisho ya betri haipaswi kuguswa kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu ya voti zilizoelezwa hapo juu, masafa ya kweli ni kilomita 19. Gurudumu la kilowati-saa moja lingefika, lakini linakaribia uzito wa nusu gunia la saruji. Chombo hiki basi ni cha safari za ndani ya mji: sokoni, shuleni, kazini na kurudi.

Hata humo ndani kina kasoro ambayo hesabu ya nishati haionyeshi. Tairi la inchi 16 huingia katika shimo ambalo baiskeli ya inchi 28 hulivuka, na katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, barabara za udongo za Katanga huwa mashimo na tope. Chombo hubeba mwili na begi la mgongoni, basi. Baiskeli, kinga kwa wenyeji, huingia mjini na magunia ya makaa. Ikilemewa, mwenyewe hushuka na kuisukuma. Hakuna namna ya kusukuma gurudumu moja likiwa na gunia juu yake.

Kwa mazingira hayo, chombo kidogo cha umeme chenye mantiki zaidi ni baiskeli ile ile iliyofungwa mota kwenye kitovu cha gurudumu na betri kwenye kibebeo. Mwendeshaji akisaidia kwa miguu, wati-saa 10 kwa kilomita zinatosha, na 250 humfikisha Likasi. Betri ikiisha, anakanyaga pedali. Hapo kobalti pia si lazima. Seli za fosfati ya chuma, zisizo na kobalti wala nikeli, huhifadhi nusu ya nishati au pungufu katika umbo lile lile la milimita 18 kwa 65, wati-saa 5 au 6 badala ya 12, lakini kibebeo cha baiskeli kina nafasi na huvumilia kilo mbili tatu za ziada. Pikipiki za umeme za Afrika Mashariki zinaelekea huko huko. Ampersand, iliyoanza kubadilishia madereva wa Kigali betri vituoni mwaka 2019, iliingia mkataba mwaka 2024 na BYD, kampuni ambayo betri zake kwa sehemu kubwa ni za fosfati ya chuma.

Mwelekeo huo unaigusa Kambove kuliko gurudumu lenyewe. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka, na kuanzia Oktoba iliweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda. Lakini kobalti ghali ni sababu nyingine kwa mtengenezaji kuikwepa, na wanaoweza kuikwepa kwa urahisi ni wale wenye nafasi ndani ya chombo chao. Watakaochelewa ni watengenezaji wa simu na wa vyombo vinavyobebwa mkononi, gurudumu moja likiwemo.

Umeme wa kuchaji si mwingi unaohitajika. Chaja ya kawaida huvuta wati kama 150 kwa saa tatu au nne, na paneli ya jua ya wati 150 ingeweza kutoa kiasi hicho cha nishati katika siku ya kiangazi. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililojengwa wakati wa Union Minière kwa ajili ya viwanda na kukarabatiwa hadi megawati 78 kwa fedha za wachimbaji wa shaba, liko ndani ya wilaya ya Kambove. Hata hivyo migodi na viwanda vya ukanda huo hunyonya umeme mwingi, na mitaa huzoea kukatika. Kwa gurudumu moja, kukatika kwa umeme katikati ya kuchaji hakudhuru betri. Kinachoidhuru ni joto, kuachwa tupu kwa wiki nyingi, na matengenezo mabaya. Seli moja ikidhoofika, jozi yake nzima katika mfuatano hubadilishwa kwa seli za aina na umri mmoja, na vipande vya nikeli hushikizwa kwa mashine ya kulehemu nukta, kwa sababu joto la chuma cha kuunganishia likikaa juu ya seli huunguza utando wake wa ndani.