Mpaka na Mwimbaji: Je, Ni Nchi Imtengenezayo Mwanamuziki?

Katika maandishi mengi yahusuyo muziki wa Afrika ya Mashariki mhakiki huanza na nchi. Huyu ni wa Kenya, yule ni wa Uganda. Kisha sifa za muziki wao huelezwa kana kwamba zimeota katika ardhi ya taifa. Mtindo huu ni mwepesi, na wepesi huo ndio udhaifu wake. Anayetaka kuupima na asimame Busia au Malaba, upande wa Kenya. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na mpaka wenyewe si wa kale, kwani hadi mwaka 1902 sehemu hizi zote zilihesabiwa kuwa katika Himaya ya Uganda. Akogo, ala ya vibao vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba, iliyo jamaa moja na malimba, ni ya Wateso wa huku na wa kule. Tuiite ya nchi gani?

Hata hivyo, litakuwa kosa kudai kwamba mpaka haukufanya kitu. Tumtazame Daudi Kabaka. Alizaliwa Kyambogo, Uganda, mwaka 1939, kwa wazazi waliotoka Kenya. Sifa zake alizipata Nairobi katika miaka ya 1960, kwenye studio ya Equator Sound, akiwa pamoja na Fadhili William wa Utaita, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Kundi la namna hiyo ndilo tunaloliita, bila kusita, la Kenya! Wimbo wake "Helule Helule" ulivuka hata bahari, ukarekodiwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. Kwa nini Kabaka aliimba kwa Kiswahili? Kwa maoni yangu sababu haikuwa damu wala ardhi. Santuri za Nairobi zilitafuta wanunuzi wa makabila mengi, na lugha iliyowafikia wote ilikuwa hiyo.

Yawezekana msomaji akapinga: Fred Masagazi wa Uganda naye alirekodi Nairobi, na bado akaimba kwa Kiganda. Pingamizi hili ni la haki, nalo lanilazimisha kuirekebisha hoja. Studio peke yake haimtengenezi mwimbaji. Hadhira humvuta pia, na hadhira ya Masagazi ilikuwa Kampala. Basi tunaposema "nchi" twachanganya mambo kadha: studio, redio, soko, lugha ya wasikilizaji, na pengine mlezi mwenye mamlaka. Evaristo Muyinda, bingwa wa amadinda, alilelewa kisanaa na kasri la mfalme wa Buganda. Kasri hilo liliposhambuliwa na majeshi ya serikali mwaka 1966, muziki wake ulipoteza makao. Katika Tanzania mlezi wa Hukwe Zawose, Mgogo wa malimba na zeze, alikuwa dola yenyewe.

Mfano unaotugusa sisi walimu ni wa George Senoga-Zake. Mzaliwa huyu wa Uganda alikuwa mmoja wa waliotayarisha wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963, na mwaka 1986 alichapisha Folk Music of Kenya. Kitabu hicho ni hazina, na sijui tungefundisha nini bila ya kazi ya namna hiyo. Lakini jina lake limekwisha kukata shauri kabla ya ukurasa wa kwanza: fremu ni Kenya. Kadhalika Klaus Wachsmann, aliyeongoza Jumba la Makumbusho la Uganda tangu 1948 hadi 1957, alirekodi muziki kwa fremu ya Uganda. Mwanafunzi wa Malaba atakaye kuandika tasnifu juu ya akogo hana budi kuisoma Tororo katika rafu moja na nyumbani kwao katika rafu nyingine, ilhali wapigaji wenyewe huenda ni binamu.