Nani Amechuma? Uhakiki wa Fasili ya Kitenzi 'Chuma'

Kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hukipa kitenzi *chuma* maana kuu mbili: kutungua tunda, ua au jani, na kupata faida au mali. Mgawanyo huo ni sahihi, lakini fasili ya pili ina upungufu: hutaja pato na kuacha kazi iliyolizaa.

Upungufu huo hudhihirika *chuma* kinapolinganishwa na *pata*. Aliyeshinda bahati nasibu *amepata* fedha. Kusema *amezichuma* hakuridhishi. Mchimbaji wa Mererani aliyeangukia jiwe kubwa la tanzanaiti husemwa *ametoboa*. Aidha, methali "Mchuma janga hula na wa kwao" inaonyesha kwamba kinachochumwa si lazima kiwe faida. Kiini cha kitenzi ni tendo la mchumaji, kama inavyothibitisha pia "Mchumia juani hulia kivulini".

Katika miteremko ya Mlima Meru maana zote mbili hukutana katika shamba moja la kahawa. Mke huchuma kahawa mbivu. Mume, ambaye mara nyingi ndiye mwenye jina katika daftari la chama cha ushirika, hupokea malipo. Nyumba ikijengwa, husemwa kwamba mume amechuma. Kitenzi ni kilekile. Kiima ndicho kilichobadilika. Fasili ya "kupata mali" huhalalisha badiliko hilo, kwa kuwa humtambua mpokeaji peke yake.

Suala hili limewahi kufika mahakamani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaruhusu mgawanyo wa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, ambayo kwa kawaida huitwa *mali waliyochuma pamoja*. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kazi za nyumbani kuwa sehemu ya juhudi hizo, ingawa rufani ya Bi Hawa mwenyewe haikufaulu. Kwa lugha ya sarufi, kiambishi *wa-* katika *waliyochuma* kilimjumuisha hata asiyeshika mshahara.

Wanaleksikografia hawana budi kuufuata ushahidi huo. *Chuma* kifasiliwe kuwa 'kupata mali kwa kazi ya mtu mwenyewe au ya pamoja na wenzake', na sentensi ya mfano iwe na kiima cha wingi. Kamusi haigawi mali, lakini humtaja aliyeichuma.