Koti Kuukuu, Mshono Mpya: Namna ya Kulikagua

Anayeshona koti jipya ana uhuru wa kitambaa kizima. Anayelibadili la zamani hana: mifuko imeshatobolewa, matundu ya vifungo yameshakatwa, na kitambaa hakiongezeki. Kwa hiyo ukilikuta sokoni Gikomba au Ilala koti la sufu la mtumba lililopunguzwa na kushonwa upya, usianze kwa kutazama kama mshono umenyooka. Anza na mabega.

Bega ndilo linalobeba koti zima, na ndilo analolikwepa fundi mwenye haraka. Hupunguza ubavuni tu, bega likabaki limemwagika nje ya bega la mvaaji. Aliyeitendea kazi haki amefumua mkono, akapunguza bega, akachonga kwapa upya, kisha akaurudisha mkono mahali pake. Hapo pana shughuli. Kichwa cha mkono wa koti huwa kipana kuliko tundu la kwapa, mara nyingi kwa sentimita 2 hadi 4, na ziada hiyo haikatwi. Hukusanywa kwa bandi ya mkono, ikalainishwa kwa mvuke wa pasi mpaka isionekane. Livae, ushushe mikono, ujitazame kwa upande. Vikunjo vidogovidogo juu ya bega maana yake ziada imebanwa kwa cherehani bila subira. Mikunjo ya mshazari inayoshuka kwenye mkono ni mbaya zaidi: mkono umerudishwa ukiwa umepinda, na hakuna pasi itakayouponya. Ni kufumua tena.

Halafu tazama mifuko. Koti refu likikatwa liwe fupi, mfuko hausogei, ukajikuta umekalia pindo. Mimi hapa ndipo ninapoipima busara ya fundi, kwa sababu mkasi hauna marejeo. Mwenye jicho huacha urefu wa vidole vinne zaidi ya ule mteja alioutaka, na humweleza kwa nini. Mikono nayo ina mtego wake: kama matundu ya vifungo vya mkononi ni ya kweli, haipunguzwi chini bali juu, begani.

Kulipanua ni hatari kuliko kulipunguza. Sufu hufifia kwa jua miaka mingi, lakini sehemu iliyofichwa ndani ya mshono hubaki na rangi yake mbichi. Toa koti nje, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya kibanda. Mstari uliokoza kando ya mshono, pamoja na vitundu vya sindano ya zamani, vitakuambia lilipoachiwa. Ndani, tafuta mkunjo wa bitana katikati ya mgongo. Fundi akiula mkunjo huo, bitana itachanika mara utakapokunja mikono mbele. Bana pia kifua cha koti kwa vidole: bitana, turubai lililo katikati na sufu zikiteleza kila moja peke yake, turubai limeshonwa; turubai na sufu zikiwa zimeshikana, limegandishwa kwa gundi, na sufu ikiwa na malengelenge, gundi imeachia.

Mwisho, mwombe fundi vipande alivyokata. Sufu ya koti lile hutaipata tena dukani, na kiwiko kikitoboka, hakuna kiraka kingine kitakacholingana nayo. Fundi anayeijua kazi huwa ameshavikunja na kuvitia mfukoni mwa koti kabla hujauliza.