"Jambo Bwana": Salamu Iliyopoteza Nafsi

Tangu bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilipotoa sahani ya santuri ya "Jambo Bwana" mwaka 1982, wimbo huo umekuwa ukishitakiwa kwa kosa moja: kwamba umewafundisha wageni Kiswahili kibovu. Shitaka hilo si la bure. Lakini wengi walitoao hawakuusikiliza wimbo wote, bali waliishia katika neno lake la kwanza.

Neno hilo lastahili kutazamwa. Salamu ya pwani ni hujambo, yaani huna jambo, nayo ni umbo la ajabu katika sarufi ya Kiswahili: viambishi vya nafsi vyenye kukanusha, ambavyo kazi yake ni kutangulia kitenzi, vimepachikwa moja kwa moja juu ya jina. Ndiyo maana hupatikana sijambo, hujambo, hajambo, hatujambo, hamjambo, hawajambo. Asemaye jambo tupu ameikata nafsi pamoja na ukanushi. Hakumwuliza mmoja wala wengi. Tena, likichukuliwa kwa maana yake halisi, amemtangazia mwenzake kuwa liko jambo. Hata hivyo umbo hili halikuzaliwa na Teddy Kalanda Harrison, mtungaji wa wimbo. Lilikuwako zamani katika Kisetla, na katika vinywa vya watumishi waliolazimika kujibu kwa lugha waliyosemeshwa. Mahoteli ya pwani, ambako bendi ilikuwa ikiwapigia watalii, yalilirithi likiwa limekwisha komaa.

Zito zaidi ni jibu la habari, ambalo katika santuri lasikika kwa m- badala ya n-. Habari ni ya ngeli moja na nyumba, na upatanisho wake wataka nzuri. Mtu aweza kumtetea mtungaji kwa kusema kwamba mjibu ajieleza yeye mwenyewe, si habari zake. Utetezi huo hauna miguu: mtu wa Mombasa mwenye afya husema yu mzima; akisema yu mzuri, amejisifu sura.

Lakini katika wimbo ule ule mfupi wageni waambiwa mwakaribishwa. Hapa hapana Kisetla. Ipo nafsi ya pili ya wingi. Upo wakati wa -a-, ambao wasemaji wengi wa bara wameuacha na kushika -na-. Ipo kauli ya kutendesha, na juu yake kauli ya kutendwa. Hakuna mtalii ajifunzaye umbo hilo katika likizo ya majuma mawili. Mtungaji aliyeliweka pale alikijua vema Kiswahili sahihi, na alikijua vilevile Kiswahili ambacho mgeni angekimudu. Kwa hiyo wimbo hauwezi kuitwa kazi ya ujinga. Ni picha ya mazungumzo ya watu wawili wasiolingana: maneno ambayo mgeni atayarudia baada ya kuyasikia mara moja, na neno moja lililo la mwenyeji peke yake.

Kasoro yake ya kweli iko katika neno hilo hilo lililo sahihi. Wageni wakaribishwa, lakini na nani? Mwenyeji hakusema twawakaribisha. Amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa, kama mtumishi asimamavyo nyuma ya kiti, na juu ya kiti ameketi bwana. Miaka 19 baada ya uhuru wa Kenya, hilo lauma kuliko kiambishi kilichodondoka.

Yaliyofuata yaonekana katika majina ya nyimbo. Mwaka 1983 kundi la Boney M., lililoundwa na Frank Farian katika Ujerumani ya Magharibi, liliutoa wimbo huo upya kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata". Katika jina hilo bwana ameondoka, na pamoja naye ameondoka msemeshwa. Kwa kuwa jambo lilikwisha kupoteza nafsi, bwana ndiye aliyekuwa akibeba kazi yake. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ilileta wimbo mwingine kabisa, wa Elton John na Tim Rice, uitwao "Hakuna Matata". Hapo hata salamu haikubaki. Mwaka 2003 maneno hayo mawili yakasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni ya Disney, kwa ajili ya fulana.

Maneno yenyewe hayana kosa la sarufi. Matata ni ndugu wa tatizo, utata na tatua, na huko Kongo ni neno la kila siku la ugomvi na taabu. Ila pwani mtu akiombwa radhi hujibu si neno, au haidhuru, au hakuna taabu. Likisikika hakuna matata, aghalabu mgeni yu karibu. Tena ile ku- ya hakuna ni ya mahali. Katika wimbo wa Mombasa ilikuwa na pa kuelekea, maana Kenya ilitajwa kwa jina lake. Juu ya fulana haielekei popote.

Walimu wapendao kuusahihisha wimbo wa 1982 mbele ya wanafunzi wao wangefanya vema kuliacha jambo kwa saa moja na kuanza na mwakaribishwa: wawatake wanafunzi wamtafute mtenda.