Loopy: Gemu Inayomalizikia Nje ya Skrini

Oktoba 1995 Casio, kampuni tunayoijua zaidi kwa saa na vikokotozi, ilitoa Japani mashine ya gemu iitwayo Loopy na kutangaza waziwazi kuwa ni ya wasichana. Iliuzwa yeni 25,000. Haikuvuka mipaka ya Japani, na gemu zake hazikufika hata dazeni moja.

Kuicheka ni rahisi. PlayStation na Saturn zilikuwa zimeingia sokoni tangu mwishoni mwa 1994, na kwa mbio za picha Loopy haikuziweza. Ila kipimo hicho si chake. Tumboni mwake mna printa ya rangi inayochapa stika kwa joto, na fani yake yote imejengwa juu ya printa hiyo. Gemu nyingi humalizikia kwenye pointi au adui aliyeanguka. Ukizima umeme, ushindi wako umebaki humohumo. Kwenye Loopy mchezaji wa Dream Change humvisha mhusika nguo, wa Nigaoe Artist huunda sura ya mtu, kisha wote wawili hungoja karatasi itoke. Kilele cha kisa kiko mkononi, nje ya televisheni. Sijui mashine nyingine ya wakati ule iliyothubutu kuuhamisha mwisho wa mchezo namna hiyo.

Maudhui, kwa bahati mbaya, hayakuwa na ujasiri huo: mitindo ya nguo, mapenzi, mbwa wapendanao. Aliyebuni printa alimwamini msichana kuwa muumbaji. Aliyechagua visa alimrudisha kwenye kabati la nguo.

Kasoro kubwa zaidi lakini imo ndani ya fani yenyewe. Julai 1995 Atlus na Sega walileta vibanda vya Print Club, na wasichana wakajibana humo na marafiki, wakapigwa picha na kugawana stika. Stika ni kitu cha kugawana. Loopy ina tundu moja tu la pedi: mmoja anacheza, wenzake wanatazama. Mashine inayochapa zawadi za urafiki haikumwekea rafiki nafasi, na hilo halisameheki.

Mwaka 1998 Nintendo ilileta kamera na printa ya stika kwa ajili ya Game Boy, ikawauzia wavulana na wasichana pamoja.