Batiki Hujulikana Ndooni

Katika soko la Arua, batiki ya kufunga hushindana na vitenge vya kiwandani mbele ya wanunuzi wenye macho makali, wakiwemo wanaovuka mpaka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Wengi huikunjua, huisifia rangi, kisha huuliza bei. Mimi ningeomba kwanza kuchungulia ndoo.

Unga wa rangi unaotumiwa sana na mafundi wetu hauyeyuki majini peke yake. Unahitaji kostiki soda na haidrosalfaiti. Hizo mbili huigeuza rangi ikayeyuka na kupenya uzi wa pamba. Kitambaa kikitolewa hewani, rangi hurudia asili yake ikiwa imeshanasa ndani. Ndiyo maana maji yaliyoiva hayafanani na nguo itakayotoka. Ya nili huwa ya kijani chenye umanjano, na juu yake hutanda utando unaong'aa kama shaba. Ukiona maji ya buluu yenye punje zinazoelea, jua kwamba nguo itapakwa tu, na mfuo wa kwanza utaivua.

Mara nyingi mkosaji ni haidrosalfaiti iliyoachwa wazi. Hewa na unyevu huichosha. Tena ikilowa kidogo inaweza kushika moto yenyewe. Anayenunua ya kupimiwa mjini Koboko wakati wa mvua ahakikishe ni kavu na inamiminika. Iliyoganda mabonge aiache hapo hapo dukani.

Joto nalo lina kiasi chake. Nyuzi 50 hadi 60 zinatosha kwa rangi nyingi za aina hii, na baadhi ya buluu hufifia zikizidishiwa moto. Tazama chombo pia: sufuria ya aluminiamu huliwa na kostiki, kwa hiyo fundi makini hutumia ndoo ya plastiki, huvaa glavu, na huitia kostiki ndani ya maji. Anayemimina maji juu ya kostiki anajitafutia kuungua uso, na sijui kwa nini kosa hili halikemewi zaidi.

Kitambaa chenyewe kiwe pamba. Choma uzi mmoja: wa pamba huacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Kiwe pia kimefuliwa kikatoka wanga wa dukani, la sivyo rangi hushika kwa mabaka.

Nguo ikikauka, isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa uone kama kitatoka na rangi. Geuza upande wa ndani. Usipauke kuliko wa nje. Mstari mweupe uliopinda kidogo haunisumbui, maana kamba ilikazwa kwa mkono. Lakini muuzaji akikuambia ukailoweke kwenye chumvi nyumbani ili rangi ishike, mrudishie nguo yake. Rangi ambayo haikushika ndooni haitashikishwa na chumvi.