Harusi Bila Bwana Harusi

Msomaji, umeshaona picha ya harusi isiyo na bwana harusi? Rubens alichora moja, ipo Louvre, Paris. Ni ndoa ya Maria de' Medici na Henri IV, mfalme wa Ufaransa, iliyofungwa Florence Oktoba 1600. Mfalme hakutokea, pete anaivisha Ferdinando, baba mdogo wa bibi harusi. Wazee wetu hapa Dodoma wala wasingeshangaa, mshenga wanamjua. Wangeulizia mahari tu. Kumbe ilitoka upande wa bibi harusi, na sehemu yake ilifuta deni ambalo Ufaransa ilidaiwa na ukoo wake!

Deni hilo hulioni pichani. Unaona hariri, kardinali, mbwa, na mungu wa ndoa katika umbo la mtoto, kashika mwenge na pindo la gauni. Maria mwenyewe ndiye aliyeagiza picha, mwaka 1622, na mwenye pesa hapendi kuchorewa bei.

Sasa tazama juu ya altare: sanamu ya Mungu Baba na maiti ya Mwanawe. Msiba juu ya harusi! Rubens anachora hayo Henri keshauawa, 1610. Na kijana aliyeshika msalaba nyuma ya bibi harusi, wengi wanasema ni Rubens mwenyewe, aliyehudhuria akiwa na miaka 23.

Waandishi wenzangu, nasi tunaombwa risala na mashairi ya harusi za wakubwa. Andika, chukua chako. Ila humo ndani weka japo kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako.